Kiingereza Kigumu Kilitoka Wapi? Historia Fupi kwa Kalasi Yetu ya Jioni



Katika mkutano uliopita kulikuwa mabishano. Vijana wa kalasi ya jioni waliomba sanduku la chama liwanunulie buku kubwa la maneno magumu ya Kiingereza, lile la kukariri toka A mpaka Z. Mama mmoja wa kamati akasimama akauliza: "Sanduku hili tulilianzisha kwa ajili ya msiba, ugonjwa na mbegu. Tangu lini tunazika watu kwa Kiingereza?" Watu wakacheka, lakini swali lilibaki palepale. Kamati ikatuomba sisi tunaoandika jarida hili tutafute jibu na kulileta kwa maandishi. Tumelitafuta katika historia, juu tuliona kwamba ndimo lilimo.

Barua iliyotuchelewesha

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache baada ya kurudi, chama kiliandika barua ya Kiingereza kwa mfadhili mmoja, kuomba mbegu za mahindi na karanga. Mwandishi wa barua alikuwa amesoma, diploma ya Leta anayo, na Kifaransa chake hakina shaka. Aliandika vile wengi wetu tunaandikaka: akafikiri kwa Kifaransa, halafu akabadilisha mikia ya maneno.

Palipokuwa "nous demandons", aliandika "we demand". Palipokuwa "nous disposons de 40 houes", aliandika "we dispose of 40 hoes". Na pale ambapo Kifaransa kingesema wanachama 60 "ont assisté à la réunion", yeye akaandika kwamba wanachama 60 "assisted the meeting". Kwa Kifaransa maana yote ni safi: tunaomba mbegu, tuko na majembe 40, watu 60 walihudhuria mkutano. Lakini mfadhili alisoma kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza barua ilisema: tunadai mbegu, tunayatupa majembe 40, watu 60 waliusaidia mkutano.

Jibu lilikawia majuma mengi. Lilikuwa fupi, likiuliza kwa nini tunadai, na majembe yalikuwa na ubaya gani hata tukayatupa. Tulieleza, tukaelewana, lakini mvua ilikuwa imeshatutangulia. Msimu ule wengi wetu tulipanda mbegu za mkopo, na deni tukalilipa kwa mihogo. Mfadhili hatumlaumu, na mwandishi wetu pia hatumlaumu. Kila mmoja alisoma neno alilolijua. Shida ni kwamba neno moja lilikuwa na maana mbili, na sisi hatukujua.

Sasa, kwa nini maneno makubwa ya Kiingereza yanafanana hivi na Kifaransa chetu? Na kama yanafanana, kwa nini mengine yanatudanganya?

Mwaka 1066

Sisi tumezoea kusema Kifaransa kililetwa huku na Wabelgiji, na Kiingereza ni cha jirani zetu waliotawaliwa na Waingereza. Tunasahau kwamba Waingereza nao waliwahi kutawaliwa kwa Kifaransa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1066 mfalme Edward wa Uingereza alikufa bila kuacha mtoto. Harold akashika kiti. Ng'ambo ya bahari, kaskazini mwa Ufaransa ya leo, mtawala wa Normandy aliyeitwa William akasema kiti ni chake. Akavuka maji na askari, na tarehe 14 Oktoba 1066, karibu na Hastings, akashinda vita. Harold alikufa siku ileile. Siku ya Noeli William akavikwa taji huko Westminster. Ndani ya miaka 20 hivi wakubwa wa Kiingereza walikuwa wamepoteza mashamba yao karibu yote, na wageni kutoka Normandy ndio waliopewa.

Toka hapo, kwa vizazi vingi, lugha ya ikulu na ya mabwana ilikuwa Kifaransa, na Kilatini kwa kanisa na maandishi mengi. Mkulima aliendelea na Kiingereza chake. Mtu wa Fizi au Uvira haihitaji kuelezwa sana hali hiyo. Nyumbani Kibembe au Kifuliiru, sokoni Kiswahili, lakini karatasi ya Leta inakuja kwa Kifaransa. Mkulima wa Kiingereza naye alikuwa hivyohivyo: kwa mke na watoto lugha moja, mbele ya hakimu na mtoza kodi lugha nyingine.

Njo maana maneno ya serikali na sheria katika Kiingereza mtu wa Kongo anayasoma bila mwalimu: "justice", "prison", "judge", "tax", "government", "parliament". Yale ya jikoni na ya kifuani yalibaki ya wenyeji: "bread", "water", "mother", "house", "seed". Hata shambani wageni waliacha alama. "Seed", mbegu, ni neno la wenyeji. Lakini "hoe", lile jembe lililotuletea shida, ni "houe" ya Kifaransa.

Mfano unaopendwa na walimu ni wa nyama. Mnyama akiwa zizini anaitwa kwa neno la mchungaji: "sheep", "cow", "pig". Akifika mezani kwa bwana anaitwa kwa neno la bwana: "mutton", "beef", "pork", ambayo ni "mouton", "bœuf" na "porc". Mwandishi Walter Scott aliueneza mfano huo katika riwaya yake Ivanhoe ya mwaka 1819. Wanaosoma historia ya lugha wanatuonya tusiutie chumvi, sababu zamani "mutton" lilitumika pia kwa kondoo aliye hai. Hata hivyo njia ambayo maneno yalipita inaonekana wazi.

Mwaka 1362 Bunge la Uingereza lilitoa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuelewa Kifaransa. Na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Sisi tuliozoea kuona tangazo la kuwahimiza wananchi likiandikwa kwa lugha ambayo wananchi hawaijui, tulicheka tuliposoma habari hiyo.

Kufikia mwaka 1500 hivi, Kiingereza kilikuwa kimepokea maneno ya Kifaransa yanayokadiriwa kufika 10,000, na karibu robo tatu ya hayo yanatumika mpaka leo. Baadaye wasomi wakaongeza mengine kutoka Kilatini na Kigiriki. Hivyo Kiingereza kikawa kama ngazi. Ukiuliza jambo kwa kawaida ni "ask". Ukiuliza kwa mpango ni "question". Polisi akikuweka kwenye kiti ni "interrogate". La kwanza ni la wenyeji, la pili lilikuja kwa Kifaransa, la tatu kwa Kilatini.

Mtoto wa London anazaliwa chini ya ngazi hiyo. Anajua "begin" kwenye mapaja ya mama yake, halafu anahangaika shuleni na "commence". Mwanafunzi wa Kongo yeye anaingilia juu: "commence" anaijua kwa "commencer", lakini "begin" inamshinda. Kwa hiyo kile ambacho vijana wetu wanakiita Kiingereza kigumu, kwao kiko karibu kuliko wanavyofikiri.

Orodha za maneno magumu

Vijana wasidhani kwamba ni wao wa kwanza kuomba orodha. Mwaka 1604 mwalimu mmoja wa Kiingereza, Robert Cawdrey, alichapisha buku dogo lenye maneno kama 2,500. Linahesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza iliyofasiriwa kwa Kiingereza. Hakuweka maneno yote, aliweka magumu tu, na alisema ni kwa faida ya wanawake na wengine ambao hawakupata masomo ya juu. Tena kando ya maneno yaliyotoka kwa Kifaransa alitia alama. Kwa hiyo zaidi ya miaka 400 iliyopita Waingereza wenyewe walihitaji kusaidiwa maneno haya, na mwalimu wao aliona ni vizuri waonyeshwe yalikotoka.

Mwaka 1953 mwalimu mwingine, Michael West, aliyekuwa amefundisha miaka mingi Bengal, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi. Wazo lake lilikuwa kwamba mwanafunzi asipoteze nguvu kwa maneno ambayo hatakutana nayo. Halafu mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichukua maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5, akayaweka pembeni yale 2,000 ya West, akatafuta ni yapi mengine yanayorudi mara nyingi. Alibaki na jamaa 570 za maneno. Jamaa maana yake neno na watoto wake, kama vile kusoma, msomi, masomo, somo. Jamaa hizo 570 peke yake zinafikia karibu asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya namna hiyo.

Chukueni sehemu ya mwanzo ya orodha hiyo mkaisome kwa jicho la Kifaransa: "analyse", "authority", "concept", "contract", "define", "distribute", "economy", "establish", "function", "legal", "method", "period". Aliyemaliza shule ya sekondari hapa kwetu anayajua karibu yote. Neno kama "income", yaani mapato, ndilo la kujifunza upya, maana limeundwa kwa maneno ya wenyeji, na Kifaransa kinasema "revenu".

Tulivyokutana nacho kambini

Wengi wetu hatukukutana na Kiingereza shuleni. Vita vilipofika kwetu Oktoba 1996, tulivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti mpaka Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwezi wa 11 mwaka uleule, na Lugufu ikafuata. Shule za kambini zilifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa, sababu tulisema tutarudi. Kiswahili kilitosha kwa sokoni. Kiingereza kilikuwa juu ya magunia, juu ya maturubai, kwenye milango ya magari na kwenye matangazo ya ubao.

Ubaoni ndipo tuliona faida na hasara. Neno "distribution" hakuna aliyeuliza maana yake, na "registration", "verification" au "protection" nayo hivyohivyo. Mtu aliyefika darasa la sita alikuwa anawasomea majirani. Lakini siku moja likabandikwa tangazo lenye neno "delay". Waliosoma wakasema hilo ni "délai", yaani muda umepangwa, tujipange. Tukajipanga mstari toka alfajiri, akina mama na watoto mgongoni, mpaka jua likawa kali. Kumbe "delay" ni kuchelewa: chakula hakikuwa kimefika. Waliolala njaa siku ile hawajalisahau neno hilo.

Mwezi wa 10 mwaka 2005 meli za kurudisha watu zikaanza kutoka Kigoma kuja Baraka, na mwaka 2009 Lugufu ikafungwa. Wengine tulirudi, wengine walibaki Nyarugusu, wengine walipelekwa Marekani na kwingine. Toka mwaka 2022, Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, wafanyabiashara wetu wanaovuka ziwa wanakutana na karatasi za Kiingereza zaidi na zaidi. Kwa hiyo kazi hii si ya waombaji wa miradi tu.

Neno lililokuwa kwenye kadi zetu

Kwenye kadi zetu za kambini kulikuwa neno "refugee". Hilo nalo lina historia yake. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifuta sheria iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Makumi ya maelfu wakakimbia, wengi wakavuka bahari kuingia Uingereza. Waliitwa kwa neno la lugha yao, "réfugié", na Waingereza wakalichukua kama walivyolisikia. Basi hata neno hilo lilivuka maji pamoja na wakimbizi.

Na sisi tuliorudi, wafadhili wanatuita "returnees". Mwili wa neno ni "retourner". Mkia wake, "-ee", ni ile "-é" ya Kifaransa, iliyoingia kupitia lugha ya mahakama baada ya William. Jina tunaloitwa katika ripoti limeundwa na vipande ambavyo tayari tulikuwa navyo.

Njia tunayopendekeza

Kwanza, tusikariri A mpaka Z. Tufuate mikia. "-té" inakuwa "-ty", kama "sécurité" na "security". "-ique" inakuwa "-ic", "-aire" inakuwa "-ary", na "-tion" haibadiliki. Tukumbuke pia kwamba maneno mengi yalivuka kabla Kifaransa hakijaiacha herufi "s", na Kiingereza kikaihifadhi. Kwa hiyo "hôpital" ni "hospital", "forêt" ni "forest", "état" ni "state", "épice" ni "spice". Na kwa sababu watu wa Normandy walisema "w" pale wengine waliposema "g", "guerre" ni "war". Vita ni neno lilelile pande zote mbili.

Pili, kila mwanafunzi awe na kaye yenye kurasa mbili mbili. Ukurasa wa kushoto ni wa ndugu, maneno yaliyobaki na maana yao. Wa kulia ni wa wanafiki, yale yenye sura moja na moyo mwingine. Walimu wetu wa Kifaransa waliyaita "faux amis". Tuanze na haya: "actually" si sasa hivi, ni kwa kweli. "Eventually" si huenda, ni hatimaye, na kwa mtu anayengoja msaada tofauti hiyo ni kubwa. "Library" si duka la vitabu, ni maktaba. "Formation" si mafunzo, mafunzo ni "training". "Delay", "assist" na "dispose of" mmeshayaona.

"Demand" nalo tuliandikie sababu yake. Kwa Kifaransa limebaki kuomba tu. Kule Uingereza lilipita mahakamani, ambako mtu alisimama kudai haki yake kisheria, na likatoka na ukali ule. Ukijua lilikopita, hulisahau tena.

Tatu, kila neno liandikwe ndani ya sentensi iliyotoka kwenye karatasi ya kweli: ripoti, mkataba, fomu ya forodha. Lirudiwe kesho yake, halafu baada ya juma moja, halafu baada ya mwezi. Neno lililokaririwa peke yake linakimbia.

Nne, kujua neno la juu si kulazimika kulitumia. Katika barua ya kuomba, "we ask" na "we have" zinatosha, na hazijawahi kumkasirisha mtu. Maneno makubwa tuyajue hasa kwa kusoma yale tunayoandikiwa, ili tusitie sahihi tusichokielewa.

Na ninyi wafadhili mnaotusoma, tunawaomba jambo moja dogo. Mkikuta neno kali katika barua yetu, ulizeni kwanza kama halikutoka kwa Kifaransa.

Jibu letu kwa kamati

Buku kubwa la A mpaka Z lisinunuliwe. Inunuliwe kamusi moja ya Kifaransa na Kiingereza, ikae kwa katibu, iazimwe kwa kuandikisha jina. Kila mwanafunzi ajitegemee kaye na biki. Barua yoyote ya Kiingereza isomwe na watu watatu, ukurasa wa wanafiki ukiwa wazi mbele yao, kabla haijatumwa. Barua ya mbegu ya msimu huu tayari imesomwa hivyo, na wale watatu walikuta "we dispose of" mara mbili.

Mama yetu wa kamati, swali lako lilikuwa la haki. Kwa Kiingereza hatuziki mtu, na franga za msiba zisiguswe. Lakini mwaka ule tulipanda kwa kuchelewa juu ya neno moja, na mihogo tuliyolipa deni ilikuwa ya watoto wako pia. Tunaomba pendekezo hili lijadiliwe katika mkutano ujao.